Kwazi Huruka Akikabili Upepo

Saa moja na nusu asubuhi, maji ya Ziwa Naivasha bado yametulia. Juu ya mgunga mkavu uliozingirwa na ziwa lilipofurika ametua kwazi, yule tai mla samaki mwenye kichwa cheupe na mabawa meusi. Nimemlenga kwa kamera kwa dakika kumi na mikono imeanza kufa ganzi. Mzee mwenye mashua yeye hahangaiki na kichwa wala mdomo. Anautazama mkia.

"Subiri ajisaidie," ananinong'oneza. "Akishamaliza, hakai."

Kweli, kwazi akainama, akainua mkia, mchirizi mweupe ukaruka nyuma ya tawi, na kabla sijavuta pumzi ya pili mabawa yalikuwa yamekunjuka. Ndege wengi hupunguza mzigo hivyo kabla ya kuruka. Nilikuwa nimesoma kijitabu cha kamera yangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna ukurasa ulionifundisha jambo hilo.

Ninachoamini baada ya asubuhi nyingi ziwani ni kwamba picha ya ndege angani hupatikana kwanza kwa kumjua ndege, na upepo ndio mlango wa kumjua. Ndege mkubwa huruka na kutua akiukabili upepo. Kinachombeba ni mwendo wa hewa juu ya bawa, kwa hiyo upepo unaovuma usoni mwake humpunguzia kazi ya kukimbilia kasi. Basi mpiga picha aliyeupa upepo mgongo, na jua pia likiwa nyuma yake, ataletewa ndege uso kwa uso, macho yakimetameta. Aliyekaa upande wa pili atarudi nyumbani na picha za mikia. Mimi huokota manyoya ya bata au majani makavu nikayarusha hewani kabla ya kumwambia mzee tusimamishe mashua wapi.

Ndipo zinakuja hesabu za kamera. Chukua kwazi anayekatiza mbele yako kwa mita 10 kwa sekunde, sawa na kilomita 36 kwa saa. Shata ikifunguka kwa 1/500 ya sekunde, amekwisha kusogea sentimita 2. Kwa 1/2000 amesogea milimita 5. Ukimfuata kwa lenzi, ukazunguka naye kwa mwendo wake uleule, mwili wake utabaki palepale ndani ya fremu, na kitakachosogea ni mabawa yanayochapa hewa. Kwa hiyo kazi ya kuutuliza mwili ni ya kiuno chako, na kazi ya kuyasimamisha mabawa ni ya shata. Mwari anayeelea bila kupiga bawa hutosheka na 1/1000, na hata chini ya hapo anaweza kutoka safi. Kwazi namwekea 1/2000 au 1/2500. Mbayuwayu, au mdiria anayejitupa majini, anataka 1/3200 na zaidi.

Kuzunguka huko kuna namna yake. Ukiwa nchi kavu, elekeza miguu mahali unapotaka kupiga, halafu jisokote kiuno kurudi kule ndege anakotokea. Anapokuja unajifungua polepole, viwiko vikiwa vimebana mbavu. Wengi hufanya kinyume: husimama wakimtazama ndege akiwa mbali, na akifika mbele yao kiuno kimeshafika mwisho, lenzi inasimama, ndege anaendelea na safari.

Mwanga utatoka wapi kwa shata ya haraka kiasi hicho? Kuna kanuni ya enzi za filamu ambayo bado haijazeeka. Jua likiwaka bila wingu, tundu la lenzi likiwa f/16, shata iwe sekunde moja igawanywe kwa namba ya ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga: kwa ISO 400, ni 1/400. Ukifungua tundu kutoka f/16 hadi f/5.6 umepanda hatua tatu, na mwanga umeongezeka mara nane. Shata nayo inaweza kupanda mara nane, hadi 1/3200. Hiyo ni kwa jua lililopanda. Saa moja na nusu mwanga ni hafifu, na hapo huipandisha ISO hadi 1600 bila kusita. Picha itatoka na chengachenga kidogo, na programu za kompyuta zinazipunguza vizuri. Bawa lililofutika kwa shata ya polepole halirudishwi na programu yoyote.

Kwazi ana mtihani wake mwingine: kichwa cheupe juu ya mwili wa giza. Mita ya kamera hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu. Akipita mbele ya mwambao wenye miti, kamera huona giza, huongeza mwanga, na kichwa kinaungua hadi hauonekani hata unyoya. Akipanda angani sekunde mbili baadaye, kamera huona weupe wa anga, hupunguza, naye anakuwa kivuli cheusi. Lakini jua linalomwangaza ni lilelile! Kilichobadilika ni pazia tu. Ndiyo maana jua likiwa halina mawingu mimi huchukua hatamu mwenyewe: naweka kamera kwenye M, napima weupe wa kichwa akiwa ametua, nafunga tundu, shata na ISO, kisha sivigusi tena mpaka jua lenyewe libadilike. Siku ya mawingu yanayokuja na kuondoka naiachia kamera ISO, na ndege akiwa angani naiongezea mwanga hatua moja, wakati mwingine hatua na nusu.

Fokasi ndiyo huvunja watu moyo. Lenzi ya milimita 400 kwenye kamera ya kihisi kikubwa, tundu f/5.6, ndege akiwa mita 20, inatoa eneo la kuonekana safi lisilofika mita moja. Mabawa ya kwazi yakikunjuka yanafika mita 2. Na akija moja kwa moja kwa mita 10 kwa sekunde, kamera inayopiga fremu 10 kwa sekunde itamkuta kila fremu amesogea mita nzima. Fokasi ya kufunga mara moja haimwezi. Weka ile ya kufuatilia, ambayo kwayo kamera hupima ndege alipokuwa, alipo, kisha hukadiria atakapokuwa shata itakapofunguka. Tangu mwaka 2020 zimetoka kamera zisizo na kioo zinazolitambua jicho la ndege na kuling'ang'ania, na kwa kweli zimerahisisha kazi. Hata hivyo zinahitaji kupewa ndege akiwa bado mbali. Anza kumfuata akiwa mdogo ndani ya fremu, piga kwa mafungu mafupi, usikandamize kitufe mpaka kamera ipaliwe.

Shauku ya kumnasa ndege angani ni ya zamani. Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey, mtaalamu wa fiziolojia, alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki iliyopiga picha 12 kwa sekunde, kila moja kwa 1/720, akawalenga nayo ndege wa Napoli. Mwaka 1884 Mjerumani Ottomar Anschütz alipiga picha za korongo weupe kwenye viota vyao, na picha hizo zikamvutia Otto Lilienthal, ambaye mwaka 1891 alianza kuruka kwa mabawa aliyoyaunda mwenyewe. Jamii hiyohiyo ya korongo hutujia Afrika Mashariki kila mwaka kukimbia baridi ya Ulaya.

Naivasha wapo wanaomrushia kwazi samaki aliyejazwa kipande cha mafunjo ili aelee, wakapata picha kwa saa ya kuagiza. Siwezi kuwalaumu wenye mashua wanaotafuta riziki, ila mimi huomba tusifanye hivyo. Linaloniudhi hasa ni mtu kuwakurupusha heroe kwa makelele au droni ili waruke wote pamoja, maana ndege huyo hutumia siku nzima kuchuja chakula kidogokidogo, na kila mruko wa bure unamla nguvu.

Siku ile kwazi alikuja mwenyewe. Alishuka chini juu ya maji, akatupa kucha mbele, akaondoka na samaki mdogo. Nilipokuza picha kwenye kioo cha kamera, matone yalikuwa yamesimama moja moja nyuma ya kucha, magamba yanahesabika, lakini jicho lilikuwa na ukungu wa maziwa. Nilidhani fokasi imenikimbia. Mzee akaichukua kamera, akaisogeza karibu na uso wake.

"Hilo ni kope la ndani," akasema. "Ana jingine chini ya haya unayoyaona. Hulifunga akigusa maji."

Nikaivuta fremu iliyofuata. Jicho lilikuwa wazi, la rangi ya kahawia, linatutazama.