Ramani ya Droni Isikucheleweshe Kuweka Mbolea

Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Msimu uliopita nilirusha droni kwenye ekari 20 za mpunga za kijana mmoja wa huku kwetu. Alitaka kujua kwa nini upande mmoja unageuka njano, kabla hajaweka mbolea ya kukuzia. Niliruka mita 50, nikarudi na picha 400, kali kweli kweli. Usiku nikaiachia kompyuta iziunganishe ziwe ramani moja. Asubuhi nakuta imegoma, RAM imejaa. Nikaanza upya, ikagoma tena. Siku ya tatu ramani inatoka, kijana keshamwaga urea shamba zima. Na ramani inaonyesha wazi kwamba kwenye njano maji hayafiki, mfereji umeziba. Urea ya pale ilikuwa hasara.

Nilidhani nahitaji kompyuta kubwa. Kumbe niliibebesha mzigo usio na sababu. Siku hizi nafanya hivi:

1. Ruka juu zaidi. Kutoka mita 50 hadi 100, picha moja inachukua eneo mara nne, hivyo picha 400 zinakuwa kama 100. Njano ya mpunga bado utaiona. Usizidi urefu wa kibali chako, na picha zipandane asilimia 70 hadi 80, la sivyo ramani itakuwa na matundu.

2. Tunza GPS ya picha. Kulinganisha picha 400 kila moja na nyingine zote ni jozi 79,800. Programu ikiiona GPS, inalinganisha majirani tu. Kwa hiyo usizitume WhatsApp kama picha za kawaida, GPS inafutika.

3. Punguza ukubwa. Upana na urefu wa picha ukiwa nusu, nukta zinabaki robo. WebODM, programu ya bure, inakufanyia hilo wakati wa kupakia.

4. Kwenye WebODM chagua Fast Orthophoto. Inaruka hatua nzito ya kujenga umbo la 3D. Inafaa majaruba tambarare. Kwenye mteremko, au ukitaka kupima urefu wa miti, iache.

Msimu huu nilirusha kwa kijana yuleyule asubuhi, mchana ramani tunayo. Tulizibua mfereji kwanza, urea ikafuata.

Jaribu kwa ekari chache. Ukikwama, niulize.