Kazi, Mawazo na Sukari Mwilini

Leo tunajibu swali ambalo akina mama wengi wenye ugonjwa wa kisukari hujiuliza: kwa nini sukari yangu imepanda leo, na sikula kitu chochote kitamu?

Jibu moja ni mawazo ya kazini. Unapofokewa na msimamizi, au unapohofia kwamba kibarua kitaota nyasi, mwili hudhani kuna hatari ya kukimbia. Hutoa homoni ziitwazo adrenalini na kotisoli. Homoni hizi huliamuru ini kumwaga sukari ambayo liliiweka akiba, ili misuli ipate nguvu. Kwa mtu asiye na kisukari, insulini huiondoa sukari hiyo katika damu. Kwako wewe insulini ni haba au haifanyi kazi ipasavyo, kwa hivyo sukari hubaki pale pale. Nawe hukukimbia popote. Umeketi kwenye cherehani, au umesimama ukifunga maua.

Mawazo pia huvuruga ratiba. Asubuhi unatoka bila kula ili usichelewe. Saa nne unashika chai yenye sukari na mandazi mawili. Dawa ya mchana unaisahau, na usiku usingizi hauji.

Sasa mama, sikiliza kwa makini. Hofu na sukari iliyoshuka hufanana sana. Zote mbili huleta kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio. Ndiyo maana mtu anaweza kusema, "Ni mawazo tu, yatapita," kumbe sukari imeshuka na yuko karibu kuzirai. Hatari hii ni kubwa kwa anayejidunga insulini au anayemeza dawa kama glibenklamidi, halafu akakosa kula.

Ufanye nini? Pima. Ikiwa kipimo kiko chini ya 4, sukari imeshuka. Ikiwa huna kifaa cha kupimia, usingoje; jihudumie kana kwamba imeshuka. Koroga vijiko 3 vya chai vya sukari katika maji unywe, au unywe nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, ile ya mililita 300. Pumzika dakika 15, kisha upime tena. Kama bado, rudia. Ukipata nafuu, kula chakula cha kushiba. Mtu akizirai, asitiliwe kitu chochote mdomoni. Alazwe kwa ubavu na apelekwe hospitali mara moja.

Kosa jingine ni kuongeza dawa kwa kukisia, eti kwa sababu leo umekasirika na sukari lazima imepanda. Usifanye hivyo. Chukua daftari la watoto lililobaki kurasa, uandike tarehe, saa na kipimo. Kando yake andika siku ilivyokuwa: "zamu ya usiku", "nimekosa chakula cha mchana", "tumegombana kazini". Baada ya majuma mawili, mpelekee muuguzi au daktari wako daftari hilo. Ataona kinachopandisha sukari yako, na yeye ndiye atakayebadilisha dawa ikibidi.

Kwa siku yako ya kazi, shika mambo haya:

Kwanza, kula kabla ya kutoka, hata kama ni kiazi kitamu kimoja na chai isiyo na sukari.

Pili, beba chakula chako. Githeri kwa kiasi, pamoja na sukuma wiki, ni bora kuliko mandazi ya kibandani. Weka pia sukari kidogo kwenye karatasi mfukoni, kwa dharura tu.

Tatu, mwambie mwenzako mmoja unayemwamini kwamba una kisukari, na umwonyeshe sukari hiyo iko wapi. Siku utakaposhindwa kusema, yeye atajua la kufanya.

Nne, kama unafanya kazi kwa zamu, uliza kliniki saa za kutumia dawa unapohamia zamu ya usiku.

Tano, ukihisi hasira imekupanda, toka nje ukiweza. Vuta pumzi polepole, uitoe polepole zaidi. Jioni tembea kwa miguu sehemu ya safari ya kurudi nyumbani. Misuli inayofanya kazi hutumia sukari.

Je, unaogopa kuomba ruhusa ya kwenda hospitali ukizidiwa? Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo kwa mwajiri wake haki ya likizo ya ugonjwa. Hupata angalau siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, mradi alete cheti cha daktari.

Nawe mlezi, mama huyu akirudi nyumbani na kipimo kiko juu, usianze kwa kumuuliza, "Umekula nini tena?" Hilo humwongezea mzigo. Muulize, "Siku ilikuwaje?" Kisha umsaidie kuosha vyombo ili alale mapema.

Nenda kliniki bila kungoja tarehe yako ikiwa sukari inazidi 15 mara kwa mara, au una kiu isiyokatika na kukojoa kila wakati. Ukianza kutapika, nenda siku hiyo hiyo. Na kama huzuni imekukalia zaidi ya majuma mawili, mwambie muuguzi pia. Hilo nalo lina matibabu.

Mama, huwezi kumchagua msimamizi wako, lakini unaweza kula kwa wakati, kupima na kuandika. Anza kesho asubuhi. Hadi kipindi kijacho, kaa salama.