Ujira wa Ugenini: Mapatano Kabla ya Safari

Watu wa mji wetu wana ada njema ya kupatana bei. Mama wa Kinondoni aendapo sokoni Tandale hanunui fungu la nyanya ila baada ya kuuliza na kupunguziwa. Lakini mama huyo huyo, ajapo wakala na habari ya kazi Maskati au Doha, huona haya kuuliza bintiye atalipwa nini, kwa saa ngapi, na nani atatoa nauli ya kurudi. Basi nyanya zina bei, na jasho la mwana halina! Jambo hili twataka kulizungumza mwezi huu.

Hatusemi kuwa kila aendaye Arabuni hudhulumiwa. Wako waliosomesha wadogo zao na kuwajengea wazee wao kwa riali za halali. Lakini mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watumishi wa nyumbani wa Kitanzania katika Omani na Imarati. Wengi walieleza kuwa walinyang'anywa pasi zao, wakalipwa pungufu ya walichoahidiwa, na wakatumikishwa usiku na mchana bila ya siku ya kupumzika.

Kwa nini? Kwa sababu nguvu ya kupatana iko hapa kwetu, kabla ya safari. Katika desturi ya kafala, kibali cha mgeni hufungamana na mwajiri wake. Akishafika, akikataa masharti ataambiwa arejeshe gharama zilizomleta. Aliye mbali na kwao hapatani, hukubali tu.

Hata Nabii Musa (a.s.) alipata kufanya kazi ugenini. Alipokimbia Misri na kufika Madyan hakuwa na mali wala jamaa. Sura ya Al-Qasas yatueleza kuwa mzee aliyetaka kumwajiri alimtajia ujira kwanza, nao ni kumwoza binti yake. Akamtajia muda wa miaka 8, na kutimiza 10 ni kwa hiari ya Musa. Akamwahidi kuwa hatamtaabisha. Musa naye aliyakariri masharti kwa ulimi wake, kisha akamfanya Mwenyezi Mungu kuwa shahidi. Tazameni: ujira, muda, kiasi cha kazi, na shahidi. Ikiwa Nabii hakuona aibu kupatana, sisi twaona aibu ya nini?

Yatupasa pia kujua kuwa mshahara si tarakimu peke yake. Katika Qatar, tangu Machi 2021, kima cha chini ni riali 1,000 kwa mwezi, na watumishi wa nyumbani wamo. Mwajiri asiyetoa malazi huongeza riali 500, na asiyetoa chakula riali 300. Sheria ya huko ya mwaka 2017 yaweka saa zisizozidi 10 kwa siku, siku moja ya mapumziko kila wiki, na likizo ya wiki 3 kwa mwaka. Basi na tupige hesabu. Afanyaye saa 10 kwa siku 26 hupata karibu riali 4 kwa kila saa. Afanyaye saa 16 kwa siku zote 30, kwa mshahara ule ule, hupata riali 2 na kidogo. Aliyemzidishia saa amemkata karibu nusu ya ujira wake, na karatasi haionyeshi!

Kwa hiyo mkataba utaje haya: mshahara na tarehe ya kulipwa, saa za kazi na siku ya mapumziko, chumba, chakula na matibabu, tiketi ya kwenda na kurudi, kiinua mgongo, na kwamba pasi na simu vitakaa kwa mwenyewe. Sheria ya Imarati ya mwaka 2022 yakataza mtumishi kutozwa gharama za kuajiriwa. Wakala akidai fedha hizo, muulizeni kwa sheria ipi. Mkataba usomwe kwa Kiswahili, na nakala ibaki nyumbani, kwani wako wanaotia saini karatasi moja hapa na kupewa nyingine ya Kiarabu wafikapo.

Enyi wazazi, msipokee fedha ya wakala kabla ya mkataba, maana mkishaila mmekwisha kumfunga mwana ulimi. Ulizeni chombo cha Serikali cha huduma za ajira kama wakala huyo ana leseni. Nanyi vijana, ijueni anwani ya ubalozi wetu kabla ya kupanda ndege.

Mtume wetu (s.a.w.) aliagiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Lakini ujira usiotajwa utadaiwaje? Na autaje mdomo, uandikwe kwa kalamu, ndipo safari ianze.