Mkanda Mmoja, Mtaa Mzima

Kabla ya safari kuanza, watu hutafuta kivuli. Mmoja anafungua mgongo wa kamera, anavuta ncha ya mkanda hadi upande wa pili, anaichomeka mahali pake, anafunga, kisha anavuta wenzo. Mwenzake aliyesimama kando hautazami mkono huo. Anatazama kile kitufe cha kurudishia mkanda, upande wa kushoto wa kamera. Kikizunguka, mkanda umeshika. Kisipozunguka, mtu atashinda kutwa akibonyeza, na jioni akute mkanda haukusogea hata kidogo.

Hivyo ndivyo yanavyoanza matembezi ya wapenzi wa kamera za mkanda, desturi iliyoenea katika miji kama London, Berlin, New York na Tokyo. Kundi hukubaliana saa na mahali pa kuanzia, kisha huzunguka mitaani kwa miguu saa mbili tatu, kila mtu na kamera yake. Hakuna mashindano wala mwalimu rasmi. Mwenye kamera ya urithi kutoka kwa babu hutembea bega kwa bega na aliyenunua ya mtumba juzi tu.

Mkanda wa milimita 35, ambao kampuni ya Kodak iliuingiza sokoni mwaka 1934 ukiwa tayari ndani ya kikopo chake, kwa kawaida hutoa picha 36. Huwezi kuitazama picha papo hapo, huwezi kuifuta, na kila moja ina gharama yake, ya mkanda na ya kusafisha. Ndiyo maana wanaotembea na kamera hizi huenda polepole. Aliyebakiwa na picha nne husimama mbele ya mlango, akasogea kushoto, akasubiri mpita njia, na pengine akaondoka bila kupiga.

Lakini kinachowakusanya hasa ni ujuzi. Zamani mtu akikwama alikwenda studio. Pwani yetu inazifahamu vizuri: Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Fundi wa studio ndiye aliyejua kwa nini picha imeungua, mwanga umepenyea wapi, na dawa ichanganywe vipi. Studio nyingi zilipofungwa, ujuzi huo ulikosa makao. Siku hizi makao yake ni kundi linalotembea.

Chukua suala la mwanga. Kamera nyingi za zamani kipimo chake cha mwanga kimekufa. Mkongwe wa kundi atamfundisha mgeni kanuni ya jua kali: tundu la lenzi liwekwe namba 16, na kasi ya shata ikaribiane na namba ya mkanda. Kwa mkanda wa ISO 400, ni sehemu moja ya 500 ya sekunde. Mawingu yakitanda, tundu lifunguliwe hadi 8. Maelezo haya yamo vitabuni, ila hukaa kichwani haraka zaidi yakisemwa barabarani, jua likiwa utosini na kamera ikiwa mkononi.

Wengi walidhani mambo haya yamekwisha. Kodak iliacha kutengeneza mkanda wake wa Kodachrome mwaka 2009, na Januari 2012 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kuelemewa na madeni. Hata hivyo, mwaka 2018 mkanda wake mwingine, Ektachrome, ulirudi sokoni, na mwaka 2024 kampuni ya Pentax ikatoa kamera mpya kabisa ya mkanda, Pentax 17, inayogawa kila nafasi ya picha mara mbili hata mkanda wa picha 36 ukatoa 72.

Matembezi hayaishi njia inapoisha. Baadhi hupeleka mikanda yao maabara, wengine huisafisha wenyewe nyumbani, kisha hukutana tena picha zikiwa tayari. Hapo ndipo utamu ulipo: watu kumi wamepita mtaa uleule, saa ileile, na hakuna picha mbili zinazofanana. Makundi mazuri yana adabu pia. Huomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na wengine humrudia muuza matunda waliyempiga wakiwa na nakala ya picha yake mkononi.

Ikiwa nyumbani kwenu kuna kamera ya zamani kabatini, usiifungue kwa pupa. Zungusha kwanza taratibu kile kitufe cha kushoto, kuelekea upande wa mshale. Kikiwa kizito, huenda ndani mna mkanda, na pengine mna picha ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Ipeleke kwa anayezijua kamera hizi akurudishie mkanda kikopini na kuusafisha.