Njombe: Mambo ya kale yapo, ulanzi upo, mfuko wa mkulima bado

KILA siku mabasi ya Mbeya na Songea husimama Makambako. Abiria hununua mahindi ya kuchoma, hupanda na safari huendelea. Wachache hujua kwamba wamepita katika nchi yenye historia ndefu, na yenye kinywaji ambacho sehemu nyingi za Tanzania hawakijui.

Historia hiyo huanzia Isimila, kilometa 20 hivi kutoka Iringa mjini, pembeni mwa barabara ya Mbeya. Mwaka 1951 zilionekana pale zana za mawe, na wataalamu wakachimba mwaka 1957 na 1958. Umri wa zana hizo unakadiriwa kuwa zaidi ya miaka 200,000. Jirani yake ni Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa iliyovunjwa na mizinga ya Wajerumani mwaka 1894. Fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954 limehifadhiwa huko.

Ukivuka kuingia Njombe unakuta msitu na pango la Nyumbanitu, mahali pa matambiko ya Wabena. Zipo pia misheni za zamani za Kilutheri kama Kidugala, na Yakobi iliyoshambuliwa mwaka 1905 wakati wa Vita vya Majimaji.

Dodoma ina mvinyo wa zabibu. Kuanzia Makambako hadi Igwachanya, makao makuu ya Wilaya ya Wanging'ombe, mvinyo wa wenyeji ni ulanzi, na shamba lake ni mwanzi.

Masika chipukizi la mwanzi hukatwa kichwa likiwa bado changa. Mgemaji hulikata kipande chembamba asubuhi na jioni ili utomvu uendelee kutoka, na huukinga kwa mbeta, yaani kipande cha mwanzi mkavu. Ulanzi wa siku hiyohiyo ni mtamu, nao huitwa mtogwa. Hauhitaji hamira wala kimea, kwa kuwa huchachuka wenyewe. Kesho yake huwa mkali, na siku chache baadaye ni siki.

Hapo ndipo hasara ya mkulima inapoanzia. Msimu ukipamba moto kila kaya ina ulanzi, bei inashuka, na anayekosa mnunuzi leo anamwaga keshokutwa. Mnunuzi mwenye usafiri analijua hilo, naye hupanga bei anavyotaka. Mvua zikiisha, kilingeni hakuna kitu, hata kama wanunuzi wapo.

Wageni wa mambo ya kale wangeweza kuwa soko jingine. Mtalii halewi dumu zima. Anachotaka ni kuona mwanzi ukigemwa, kuonja bilauri moja na kununua mbeta ya ukumbusho. Kwa mkulima, hayo ni mapato matatu kutoka shina moja. Dereva wake, bila shaka, aachiwe soda.

Lakini mgeni hanywi penye nzi. Mbeta zioshwe na kukaushwa, zifunikwe zikiwa shambani, ulanzi uchujwe kwa kitambaa safi, na maji yasiongezwe. Anayetaka kuuweka kwenye chupa akumbuke kuwa unaendelea kuchachuka: chupa ikifungwa kabisa inaweza kupasuka. Lazima kwanza upashwe moto ili kuua hamira yake ya asili. Utaalamu huo ni bora kuutafuta SIDO kabla ya kutumia mtaji.

Sheria nayo izingatiwe. Kuuza pombe ya kienyeji kunahitaji leseni, na kinywaji cha kiwandani kinatakiwa kukidhi viwango vya TBS. Wazo la kufunga ulanzi kwenye vifuko vya plastiki lisahauliwe, kwani pombe ya viroba ilipigwa marufuku mwaka 2017.

Jambo la mwisho ni shamba lenyewe. Chipukizi lililogemwa halikui kuwa mwanzi. Anayegema yote kwa tamaa ya msimu mmoja hudhoofisha shina, na miaka michache baadaye hana ulanzi wala miti ya kujengea na kusukia vikapu. Katika kila shina yaachwe machipukizi kadhaa yenye afya, na mianzi mizee ivunwe kwa kuuzwa.

Kikundi cha wakulima kumi wanaogema kwa zamu, wenye leseni moja na kibanda kimoja safi kando ya barabara, kinaweza kupanga bei yake. Mkulima mmoja mwenye dumu linaloelekea kuwa siki hapangi bei; hupangiwa.