Kamongo akilala, anazeeka?

Mvuvi yeyote wa ukanda wetu wa Ziwa Victoria anamjua kamongo: samaki mrefu kama nyoka, mwenye mapafu. Asipopanda juu kuvuta hewa, hufa maji, ingawa ni samaki!

Kinamasi kikikauka, huchimba shimo kwenye tope, hujikunja humo na kujifunika kwa ute unaokauka kama gamba, akibakiza tundu la hewa. Hulala hivyo kwa miezi. (Aliye katikati ya ziwa hana shida hiyo, maji hayamkaukii.) Homer Smith, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa figo, alionyesha kwamba kamongo aliyelala hutumia hewa kidogo sana, hula misuli yake mwenyewe, na taka ya misuli hiyo huwa yurea inayorundikana mwilini. Mwaka 1932 alitoa kitabu kiitwacho *Kamongo*, ambamo mwanasayansi na padre wa Kianglikana wanajadiliana juu ya samaki huyu. Sisi wa falsafa tungekipenda.

Je, usingizi huo unasimamisha uzee? Mwaka 2022 watafiti walichapisha matokeo kuhusu marmoti wa Colorado, Marekani, wanyama wanaolala miezi saba au minane kwa mwaka. Walipima alama za kikemikali zinazokaa juu ya vinasaba na kubadilika kadiri umri unavyosogea. Wakati wa usingizi alama hizo karibu zilisimama.

Tusikimbilie kusema ni hivyo hivyo kwa kamongo. Ndugu yake wa Australia hajui kabisa kulala topeni, lakini mmoja wao aliishi kwenye hifadhi ya samaki ya Chicago tangu 1933 hadi 2017. Maisha marefu, basi, yana sababu nyingine pia.

Aristotle alisema wakati ni kipimo cha mwendo, kwa kutangulia na kufuata. Akawataja watu waliolala Sardinia: wakiamka, huunganisha dakika ya kulala na ya kuamka, kana kwamba katikati hapakuwa na kitu. Kwa maoni yangu kamongo hayuko kama hao. Huenda hajui siku zilizopita, lakini mwili wake haukusimama, umeziandika. Mvua ikirudi anatoka amekonda, na yurea ya miezi yote hiyo bado iko ndani yake, inasubiri maji ili aitoe.