Kweli au Si Kweli? Namba za Trekta Kuukuu na Yale Tunayoaminishwa

Ukienda dukani kununua spea za trekta kuukuu, muuzaji atakuuliza maswali mawili: ni la aina gani, na ni la mwaka gani? Majibu ya yote mawili huanzia kwenye kibati kidogo cha bati kilichopigwa riveti, mara nyingi kwenye dashibodi, chini ya usukani. Hata hivyo watu wengi hununua kwa kuangalia rangi na kusikiliza maneno ya dalali.

Massey Ferguson 35, 135 na 165, Ford 5000 na 6600: majina haya yanajulikana kwa wakulima wengi wa Kenya na Tanzania, na matrekta hayo yapo yanayolima mpaka leo. Kwa miaka yote hiyo yamefunguliwa na kufungwa, yamepakwa rangi upya, yamehama kutoka shamba hadi shamba. Kwa hiyo kibati ni shahidi mmoja tu, na ushahidi wake unapaswa kupimwa pamoja na wa mashahidi wengine. Anayekiamini peke yake hudanganyika karibu sawa na asiyekisoma kabisa.

“Jekundu ni Massey, la buluu ni Ford.”

Si kweli. Rangi ni kitu cha mwisho kutazamwa. Ferguson TE20, lililotengenezwa Banner Lane, Coventry, kuanzia 1946 hadi 1956, na idadi yake ikapita laki tano, lilitoka kiwandani likiwa la kijivu. Mrithi wake wa 1956, FE35, alikuwa wa kijivu na rangi ya dhahabu iliyofifia. Wekundu ulikuja mwishoni mwa 1957, baada ya kampuni ya Harry Ferguson kuungana na Massey-Harris mwaka 1953. Mengi ya kijivu yalikuja kupakwa nyekundu kwa sababu ndiyo rangi iliyokuwa dukani. Isitoshe, kiwanda cha IMT cha Yugoslavia kilipewa leseni ya kutengeneza matrekta yaliyotokana na MF 35, na boneti huhamishwa kutoka trekta moja hadi jingine bila taabu. Kwa mnunuzi, maandishi ya boneti hayana uzito wowote.

“Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka.”

Si kweli, na imani hii ndiyo inayowapotezea watu fedha nyingi kuliko zote. MF 135 lilipoanza kutengenezwa Coventry mwishoni mwa 1964, hesabu yake ilianzia 101 ikapanda mfululizo. Namba inayoanza na 67 au 93 haisemi lolote kuhusu 1967 wala 1993. Mwaka hupatikana kwa kulinganisha namba na jedwali la kiwanda linaloonyesha kila mwaka ulianza na namba ipi. Kwa mfano, mwaka 1968 ulianzia 93305. Trekta lenye namba 95000, basi, ni la 1968, hata dalali aape kwamba ni la 1995, mwaka ambao MF 135 ilikuwa imekwisha kuachwa zamani Coventry.

Hesabu yenyewe haikupanda bila kukatika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa kwenye laki moja na ushee, ikarukia 400001. Hivyo namba 410000 haina maana kwamba matrekta 410,000 yalitangulia.

Yale ya MF 135 yaliyotengenezwa Detroit, Marekani, yalifuata hesabu nyingine kabisa. Ya mwanzo yana namba zinazoanza na 641, na mtu huona 64 akadhani ameupata mwaka 1964. Namba hizo ziliendelea hadi 1968. Mwaka 1969 zikaja namba zinazoanza na 9A, nazo zikatumika kwa miaka kadhaa baadaye. Kabla ya kufungua jedwali lolote, basi, jua trekta lako lilizaliwa kiwanda gani. Jedwali la Coventry halifai kwa trekta la Detroit.

“Herufi ni mapambo, soma tarakimu tu.”

Si kweli. Kwenye Ferguson za kijivu, TE-A20 ni la petroli, TE-D20 liliundwa litumie mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, na TE-F20 ni la dizeli. Anayenakili “20” na kuacha herufi amekwisha kupoteza habari ya injini. Kwenye Ford za kuanzia 1965, herufi ya mwanzo wa namba hutaja kiwanda: A ni Antwerp, Ubelgiji, B ni Basildon, Uingereza, C ni Highland Park, Marekani. Nakili kila alama kama ilivyo, hata nyota na vistari.

“Kibati hakikuandikwa tarehe, kwa hiyo tarehe haijulikani.”

Kwa Massey za wakati ule ni kweli kwamba tarehe haipo, ndiyo maana jedwali linahitajika. Kwa Ford si kweli hata kidogo. Ford 2000, 3000, 4000 na 5000, na ndugu zao waliofuata, zina namba tatu: ya modeli, ya utengenezaji, na ya trekta lenyewe. Hukaa kwenye kibati ndani ya boneti, na pia hugongwa kwenye chuma nyuma ya injini, jirani na stata. Namba ya utengenezaji ndiyo tarehe, ila imeandikwa kwa mafumbo.

Tuchukue 7C16B. Tarakimu ya kwanza ni mwaka ndani ya muongo, herufi inayofuata ni mwezi, kisha siku, kisha zamu ya wafanyakazi. A ni Januari, B ni Februari, C ni Machi, na kuendelea, isipokuwa I iliachwa isichanganywe na 1, hivyo Desemba ikawa M. Trekta hilo liliunganishwa tarehe 16 Machi, zamu ya B. Sasa ni 1967 au 1977? Kibati hakijibu, modeli ndiyo inayojibu. Ford 5000 iliachwa mwaka 1975, kwa hiyo ikiwa ni 5000 hiyo 7 ni 1967. Ikiwa ni 6600, iliyokuja baada yake, ni 1977. Napenda sana mfano huu, kwa sababu unaonyesha jinsi namba moja isivyotosha na mbili zinavyomaliza ubishi.

“Namba iliyoinuka kwenye bloku ndiyo namba ya trekta.”

Si kweli. Namba iliyoinuka juu ya chuma ilitoka kwenye kalibu wakati chuma kinasubiwa, nayo ni ya kile kipande, pamoja na maelfu ya vipande vingine vilivyotoka kwenye kalibu ileile. Namba ya trekta hugongwa, yaani imezama. Pitisha kidole utahisi tofauti.

Namba za kalibu zina faida yake, hata hivyo. Kwenye Ford, kipande chenye namba inayoanza C5NN kilisanifiwa 1965: C ni miaka ya 1960, tano ni mwaka; D ni miaka ya 1970. Huo ni mwaka wa kusanifiwa, na kipande kiliweza kuendelea kutengenezwa miaka mingi baadaye. Lakini ukiona giaboksi yenye D kwenye trekta linalodaiwa kuwa la 1966, hapo pana kitu kilibadilishwa.

“Namba ya injini na ya trekta ni kitu kimoja.”

Kuna matrekta ambayo hili ni kweli. Ford 9N, 2N na 8N za Marekani ziligongwa namba kwenye bloku ya injini, upande wa kushoto, na hazina namba nyingine. Injini ikibadilishwa, trekta limebadilisha jina. Hata hapo kuna mtego: 2N, za kuanzia 1942, ziliendelea kugongwa namba zinazoanza 9N.

Kwa Massey Ferguson si kweli. Dizeli zake nyingi ni za Perkins wa Peterborough, ambaye Massey Ferguson ilimnunua mwaka 1959, na Perkins aliweka namba zake mwenyewe. Tangu 1974 namba hizo zina mpangilio unaosomeka: herufi mbili za ukoo wa injini, orodha ya vipuri, herufi ya nchi, ambapo U ni Uingereza, namba ya injini, na mwishoni herufi ya mwaka, A ikiwa 1974, B 1975, na kuendelea.

Hapa ndipo mfuko unapoumia. MF 35 ya dizeli ya miaka ya mwanzo ina injini ya Standard ya silinda nne. Ya baadaye ina Perkins ya silinda tatu. MF 165 ilianza na Perkins AD4.203, kisha ikapewa A4.212. Jina kwenye boneti ni lilelile, gasketi na pistoni ni nyingine. Spea za injini zinunuliwe kwa namba ya injini.

“Kibati kikiwepo, hakuna udanganyifu.”

Si kweli. Vibati vipya vitupu huuzwa kihalali kwa watu wanaokarabati matrekta ya zamani. Tazama riveti: zinang'aa kuliko kila kitu kilicho karibu? Kuna matundu ya zamani pembeni? Tarakimu zimepangwa kwa mkono, zinapanda na kushuka?

“Mwaka wa kusajiliwa ndio mwaka wa trekta.”

Si lazima. Lililoingizwa nchini likiwa limetumika husajiliwa likiwa na umri wake.

“Kibati kikipotea, trekta halitambuliki.”

Si kweli kwa fundi, ni kweli kwa karatasi. Ford unaweza kulisugua kwa brashi ya waya jirani na stata ukapata namba iliyogongwa. Kwa Massey, anza na namba ya injini, kisha vipande vya kusubu vya giaboksi na difu. Vipande vitatu au vinne vikikubaliana, umri utaujua kwa kukaribia, na spea utanunua bila wasiwasi.

Umiliki ni jambo jingine. Namba ya kukisia isigongwe kwenye chuma, hata kwa nia njema, kwa sababu kughushi utambulisho wa chombo ni kosa na kunaficha matrekta ya wizi. Kama kibati hakipo, mkataba wa mauziano useme hivyo waziwazi, uandikwe namba ya injini, na uambatanishwe na picha za kila namba iliyogongwa, zilizopigwa kabla ya mtu yeyote kuleta rangi.